Rejeta ya Chumbani kwa Bi Zuwena

Jumamosi, 3 Desemba 1983. Nizwa.

Nimewasha boila kabla ya alfajiri. Maji nusu ya kioo cha kupimia. Geji iko chini, ndivyo inavyotakiwa. Rejeta ya ukumbini, chuma cha kupashia nyumba joto, moto. Ya jikoni moto, inapuliza puani kama mtu mwenye mafua. Ya chumbani kwa Bi Zuwena baridi.

Sijui kwa nini. Mwezi uliopita ilikuwa nzima.

Kuingia kuitazama siwezi. Mumewe, Mzee Abdalla, tumemzika juzi juzi tu, na yeye yumo edani. Miezi minne na siku kumi. Mwanamume asiyekuwa maharimu wake havuki kizingiti kile. Mimi si ndugu. Mimi Khamis wa boila.

Jumapili, 4 Desemba

Nimepapasa bomba la ukumbini mpaka linapoingia ukuta wa chumba chake. Upande wangu vuguvugu. Upande wake sijui.

Watu walimcheka Mzee Abdalla alipozinunua rejeta hizi. Zilikuwa za meli chakavu iliyokatwa bandari ya Sur. Boila ilikuwa ya dobi mmoja wa Maskati. Oman nzima inatafuta kivuli, yeye anatafuta moto. Lakini huku juu chini ya mlima baridi ya usiku si mchezo, wala ya Desemba haisemeki. Na Bi Zuwena ana baridi yabisi. Vidole vimepinda. Hawezi kufunga kifungo.

Nilizifunga mwenyewe, kwa sababu Unguja nilikuwa nachochea boila kiwanda cha sabuni. Kila rejeta ina bomba moja tu. Mvuke unakwendea humo, maji yanarudia humo humo. Kwa hivyo bomba lazima liiname kurudi nyuma. Na kila rejeta ina pua, kitundu cha kutolea hewa. Hewa ikitoka, mvuke unaingia. Pua ikipata moto inajifunga yenyewe. Hakuna la ajabu.

Kule kiwandani kila zamu tuliandika tulichofanya. Nimezoea. Marehemu mke wangu, Asha, alikuwa akinicheka, ati naandika kama karani. Sasa hakuna wa kunicheka.

Jumanne, 6 Desemba

Nimetia kabari za mbao chini ya bomba la ukumbini, pengine limelala. Pima maji inasema sawa. Rejeta bado baridi.

Bi Moza ndiye anayekaa na Bi Zuwena. Ni dada yake Mzee Abdalla. Hajapata kuiona Unguja, Kiswahili hajui hata njoo. Kiarabu changu cha sokoni. Nilitaka kumwambia aitazame koki, iwe wazi yote au ifungwe yote. Ikiwa nusu inazuia maji na bomba linagonga. Neno la koki silijui. Nikasema koki, koki, nikazungusha mkono hewani. Akanitazama kama nimeingiwa na shetani.

Bi Zuwena akasema kutoka ndani, "Khamisi, usimtie wazimu wifi yangu. Koki iko wazi."

Bi Moza akamnyamazisha. Sauti ya mwenye eda isisikike na wanaume.

Bi Zuwena akajibu kwa Kiswahili, ili mwenzake asielewe. "Sauti yenyewe haina meno, itamtamanisha nani?"

Nikacheka. Halafu nikaona haya. Nyumba ya msiba.

Sauti ile ndiyo Kiswahili pekee kilichobaki humu ndani. Mwanawe, Nasor, ukimwamkia kwa Kiswahili anaitika kwa Kiarabu.

Alhamisi, 8 Desemba

Nasor kaja kutoka Maskati. Anafanya kazi serikalini, anakuja Alhamisi anarudi Ijumaa. Yeye ni mwanawe, anaingia. Nikamwambia atazame pua ya rejeta. Akatoka akasema ipo. Nikamuuliza inatoa hewa. Akasema atajuaje. Kweli, atajuaje, ilikuwa mchana na boila imezimwa.

Kasema atanunua hita ya umeme. Umeme wenyewe unakatika kila upepo ukivuma.

Jumamosi, 10 Desemba

Bi Moza katoa wazo zuri, lazima niseme. Kasema Bi Zuwena ahamie chumba cha jikoni saa moja tu, mimi niingie nitengeneze, nitoke. Eda haikatazi kuhama chumba.

Bi Zuwena kakataa. Humo ndimo alimofia mumewe, hatoki. Na mimi nisiingie, hata akiwa hayupo. Kasema kwa ukali. Hajapata kusema nami hivyo.

Sikuelewa. Nimesema eda yake, anaijua mwenyewe.

Jumatano, 14 Desemba

Nimeifungua boila. Ndani chokaa tupu, nene kama ganda la yai la mbuni. Ni maji ya falaji, mfereji wa kutoka mlimani. Mazuri kwa mitende, mabaya kwa chuma.

Saidi kaniletea gunia la ndimu. Yeye anaendesha gari la maji, mtu wa Bujumbura, mdomo haufungi. Kule kiwandani tulikuwa tukipika ndimu ndani ya boila, chokaa inalainika. Saidi kasimama mlangoni kashika kiuno. "Mzee, hii boila au achari? Nikuletee na pilipili?"

Nikamwambia alete na bibi yake aje aonje.

Nyumba nzima inanuka ndimu. Nimekwangua mpaka vidole vimetoka damu. Boila safi. Nimewasha. Rejeta ya Bi Zuwena baridi.

Nimesikia anakohoa.

Ijumaa, 16 Desemba

Sijala. Si kwa sababu yoyote. Sikutaka tu.

Asha alipofariki, Bi Zuwena ndiye aliyemwosha. Kwa vidole vile. Watu walimwambia apumzike, wapo waoshaji wa hapa. Akasema mtoto wa Ng'ambo ya Unguja haoshwi na wageni mimi nikiwa hai. Alipotoka mikono ilikuwa imevimba, hakuweza kushika kikombe. Nikamnywesha mimi chai.

Nataka apate joto. Basi. Sina haja nyingine duniani, na hiyo moja naishindwa.

Jumanne, 20 Desemba

Nimefanya upumbavu.

Nilidhani mvuke hauna nguvu ya kufika. Nikaongeza moto, nikaongeza tena. Geji ikapanda nilipokuwa sijawahi kuipandisha. Mabomba yakaanza kugonga nyumba nzima, kama watu wanavunja ukuta. Kisha valvu ya usalama ikafyatuka. Mvuke mweupe mpaka uwani. Bi Moza katoka mbio bila viatu, mtandio mkononi, anasoma Ayat al-Kursiyy.

Mvuke haupendi kusukumwa. Mchochea boila wa siku ya kwanza anajua. Mimi nilijua. Nilifanya kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Bi Moza kasema khalas. Isiwashwe mpaka Nasor aje.

Jumatano, 21 Desemba

Boila imezimwa. Nyumba baridi yote, sasa tumekuwa sawa.

Anakohoa sana.

Alhamisi, 22 Desemba

Nasor kaja na hita. Kaichomeka, ikawaka nyekundu, umeme wa nyumba ukakatika. Kachomeka tena, ukakatika tena. Kaiacha pembeni. Kanipa ruhusa niwashe boila, polepole. Alikuwa kachoka. Kakaa kwenye ngazi na suti yake ya kazini.

Jumapili, 25 Desemba

Leo nimejua.

Bi Moza alikwenda kwa jirani. Nikapita ukumbini kukaza kabari. Bi Zuwena akanisikia.

Akaniita. Nikasogea mlangoni, umefungwa, pazia limeteremshwa. Nikamwamkia. Akaitika marahaba.

"Khamisi, usihangaike. Nimeiziba pua mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Inapumua kama yeye. Usiku ule wa mwisho. Vile vile, mwanangu, inavuta, inakaa, inatoa. Siwezi."

Kaiziba kwa pamba. Pamba iliyobaki ya maiti ya mumewe.

Kumbe kabari, kumbe ndimu, kumbe chokaa, vyote kazi bure. Sikukasirika. Nilitaka kukasirika sikuweza. Mimi niliuza kitanda cha Asha kwa sababu kilikuwa kinalia nikigeuka.

Nikamwambia lipo la kufanya. Moto ukiwa mdogo sana, ukaanza mapema sana, hewa inatoka kidogo kidogo, pua haisikiki. Nitawasha mapema. Yeye aitoe pamba.

Kasema, "Haya."

Jumatatu, 26 Desemba

Nimewasha kabla ya jogoo. Moto mdogo kama wa kuchemshia uji. Nimekaa nao, nausikiliza. Mvuke umekwenda taratibu. Bomba la ukumbini limepata moto mpaka ukutani. Nimetega sikio mlangoni. Kimya. Hata hii ya jikoni ya mafua ilikuwa kimya.

Nikagonga mlango. Nikauliza vipi.

"Limekuja joto, Khamisi. Ahsante, mwanangu."

Nilirudi kwa boila nikalia. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi, 29 Desemba

Kila siku hivi hivi. Kimya na moto. Namuuliza, ananambia joto limejaa, anatupa shuka.

Bi Moza kanisimamisha uwani. Barid, kasema, hujra barida, chumba baridi, kanionesha mikono yake. Huyu boila hakuipenda toka mwanzo, na baada ya ile siku ya mvuke ndiyo kabisa. Nikamwambia zen, zen, vizuri, nikaendelea na kazi yangu.

Saidi kaniuliza mbona uso umetakata, au nimechumbia. Nikamwambia rejeta imepona. Akasema alhamdulilahi, ndoa ya chuma haina mahari.

Jumatatu, 2 Januari 1984

Baridi kubwa. Maji ya ndoo yanauma kama barafu. Nimetia dizeli ya mwisho kwenye pipa, Saidi ataleta nyingine.

Kikohozi hakipungui. Nimemuuliza kama joto linatosha. Kasema linazidi. Sauti imepungua.

Bi Moza tena. Barid. Safari hii kanishika mkono, mwanamke ambaye hawezi hata kunipa kikombe mkononi. Nilitaka kumwambia kwamba Bi Zuwena mwenyewe kasema kuna joto. Sikujua namna ya kumwambia. Nikaonesha mlango nikasema hiya qalat, mwenyewe kasema. Akatikisa kichwa. Akaenda zake.

Alhamisi, 5 Januari

Nasor kaja na daktari, mwanamke wa Kihindi. Kasema mapafu. Kasema hospitali leo hii. Bi Zuwena kakataa. Bi Moza, yule yule mkali wa eda, kamwambia ugonjwa una ruhusa, dini nyepesi. Kamsihi. Nimemsikia analia kwa Kiarabu. Kakataa.

Nasor kazungumza na mamake kwa Kiswahili. Sikujua kama anakijua hivyo. Kiswahili cha mtoto, kimekwama pale alipoondoka nacho. "Mama, twende, tafadhali, twende mama, gari kiko nje."

Hakwenda. Kachomwa sindano.

Nasor hakurudi Maskati.

Jumamosi, 7 Januari

Nimewasha. Moto mdogo. Kimya. Bomba moto mpaka ukutani.

Sikugonga. Alikuwa kalala, kasema Bi Moza.

Jumapili, 8 Januari

Nikagonga. Akasema kitu sikukisikia. Nikauliza joto lipo?

"Lipo."

Jumatatu, 9 Januari

Bi Zuwena kafariki asubuhi. Boila ilikuwa inawaka.

Jumatatu hiyo hiyo, baada ya asri

Tumemzika karibu na Asha, si mbali. Nimebeba jeneza kona ya nyuma. Jepesi. Uso wake sijauona tangu siku ya Mzee Abdalla.

Kamwosha Bi Moza. Peke yake, hakutaka mtu. Alipotoka mikono ilikuwa inatetemeka kwa baridi ya maji. Sikuwa na chai.

Alhamisi, 12 Januari

Matanga yamekwisha. Watu wamerudi makwao. Nasor kasema nyumba atapangisha, boila ataiuza chuma chakavu. Ameniambia kwa adabu. Nikae mpaka nipate pa kwenda. Nikasema inshaallah. Sina pa kwenda, lakini hilo si jambo la kumwambia kijana aliyefiwa na wazazi wawili msimu mmoja.

Jumamosi, 14 Januari

Nimeambiwa niteremshe rejeta zote. Nimeanza ya ukumbini. Nzito. Zamani nilizibeba peke yangu.

Ya chumbani kwake nimeiacha.

Jumapili, 15 Januari

Leo nimeingia.

Kitanda kimeviringishwa godoro. Msala umekunjwa dirishani. Chumba kidogo kuliko nilivyokumbuka.

Koki wazi yote, kama alivyosema. Nikatazama pua.

Pamba imo.

Si mpya. Ile ile ya mwanzo, imekauka, imeingizwa ndani kabisa kwa ncha ya kitu, sindano labda. Hakuitoa hata siku moja. Moto wote ule wa alfajiri ulikuwa unaishia ukutani.

Kisha nikaona vumbi. Limelala kwenye kona ya rejeta, halijaunguzwa na joto. Chuma chote baridi tangu msiba, nami mlangoni nauliza, naye ndani ananambia joto limejaa.

Bi Moza alinambia. Alinambia uwani, akanambia tena kanishika mkono. Sikumsikiliza. Nilisikiliza ile sauti ya kwetu, kwa kuwa ni ya kwetu.

Sijui kama alitaka nisihangaike, au alitaka nilale. Sijui kama alitaka kwenda, kumfuata mumewe. Sitajua.

Sikushusha rejeta.

Jumatatu, 16 Januari

Nimekwenda kwa Bi Moza, yupo kwa jirani anangoja gari la kumrudisha kwao Ibra. Nikasimama nje ya mlango. Nikamwambia, hujra barida. Na'am, barida. Nilitaka kumwambia zaidi, neno sina. Akasema kwa Kiarabu, Mungu akusamehe. Sijui alisema kwa hasira au kwa dua. Vyote viwili vinasemwa hivyo hivyo.

Jumanne, 17 Januari

Rejeta imebaki moja tu, ya chumbani. Mabomba mengine nimeyaziba.

Nimeitoa pamba kwa msumari. Kipande kidogo, hakijai kucha. Nimewasha kwa dizeli iliyobaki, moto mdogo. Kisha nimekwenda kukaa chumbani juu ya godoro lililoviringishwa.

Ikaanza kupumua. Kweli ni kama alivyosema Bi Zuwena. Inavuta, inakaa, inatoa. Mwanzo nilitaka kutoka. Nikakaa.

Chuma kikapata moto kipande kwa kipande, kutoka kokini mpaka mwisho. Halafu pua ikajifunga, ikanyamaza.

Haikuchukua muda. Kioo cha dirisha kikatoka jasho. Chumba chote joto.

Nikavua koti nikalikunja, nikaliweka magotini.